Uzawa wa Lugha kama Cheti: Vijana wa Kitengela na Kajiado katika Soko la Kufundisha Lugha Ughaibuni

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Katika soko la kufundisha lugha ughaibuni, methali hii imepata maana ambayo huenda wahenga hawakuikusudia. Anayetuzwa huko ni yule anayetambuliwa kwamba lugha anayoifundisha ni ya kwao, hata kama hajawahi kusomea ualimu. Naye aliyesomeshwa kwa lugha hiyo tangu shule ya msingi, akaifanyia mitihani yake yote hadi chuo kikuu, huambiwa kwamba si yake. Makala haya yanajadili hali hiyo kwa kuwaangazia vijana wa Kitengela na Kajiado waliohitimu vyuo vikuu bila kusomea ualimu, na ambao wanatafuta kazi ya kufundisha Kiingereza katika nchi za nje.

Makala yanajaribu kujibu maswali matatu. Kwanza, tangazo la kazi linaposema kwamba cheti cha ualimu hakihitajiki, ni nini hasa kinachohitajika? Pili, Mkenya anasimama wapi mbele ya masharti hayo? Tatu, je, mwanafunzi wa Kiswahili ana mlango mwingine ambao mwenzake wa Kiingereza hana?

Mazingira ya Kitengela na Kajiado

Mji wa Kitengela uko kando ya barabara iendayo Namanga, kiasi cha kilomita 30 kusini mwa Nairobi, ukipakana na Athi River. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, mji huu ulikuwa na wakazi 154,436 katika Kaunti ya Kajiado iliyokuwa na watu 1,117,840. Ukuaji wake umetokana na viwanda vya Athi River, hususan vile vinavyotengeneza bidhaa za kuuzwa nje ya nchi, pamoja na wimbi la watu wa Nairobi waliofuata viwanja na nyumba za bei nafuu katika ardhi iliyokuwa malisho ya Wamaasai. Mji wa namna hii hauwezi kuwa na lugha moja. Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya matatu na ya ploti za kupanga. Kiingereza ni lugha ya darasani na ya ofisini, na Kimaa ni lugha ya wenyeji wa tangu jadi. Katika mji wa Kajiado, ulio makao makuu ya kaunti, na hasa vijijini kuuzunguka, Kimaa kina nguvu zaidi, na watoto wengi hukutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza wanapoanza shule.

Kijana aliyehitimu Shahada ya Sanaa katika Kiswahili, Isimu au Fasihi anaporudi nyumbani katika mazingira haya, kazi ya kwanza inayomjia akilini ni ualimu, kwa kuwa shule za binafsi zimeenea kila mtaa. Hata hivyo, Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012 inakataza mtu yeyote kufundisha shuleni bila kusajiliwa na Tume hiyo, iwe shule ni ya umma au ya binafsi. Asiyesomea ualimu katika shahada yake ya kwanza hulazimika kuongeza Stashahada ya Uzamili katika Elimu ndipo aweze kusajiliwa. Kwa aliyekwisha kumaliza akiba ya wazazi, mwaka mmoja zaidi wa karo ni mlima. Hapo ndipo habari za kufundisha Kiingereza nchini China, Thailand au Vietnam, bila cheti cha ualimu, zinapomfikia kama mvua ya kiangazi.

Hati nne zinazochanganywa

Matangazo ya kazi hizi hutumia neno "cheti" kwa namna inayopotosha. Ni vyema kupambanua hati nne ambazo aghalabu huchanganywa.

Ya kwanza ni shahada. Katika nchi nyingi za Asia, shahada ya kwanza ya somo lolote ndiyo sharti la kupata kibali cha kazi ya kufundisha. Ya pili ni cheti cha taaluma ya ualimu, yaani shahada au stashahada ya elimu inayomfanya mtu asajiliwe kwao. Hii ndiyo ambayo matangazo husema haihitajiki. Ya tatu ni cheti kifupi cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, kijulikanacho kama TEFL, ambacho kwa kawaida huwa cha saa 120, au kile cha hadhi zaidi cha CELTA kinachotolewa chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge na ambacho humlazimu mwanafunzi afundishe darasa halisi huku akitathminiwa. Anayesema "sina cheti cha ualimu" anaweza kuwa na hiki cha tatu, na mara nyingi anapaswa kuwa nacho.

Hati ya nne haitajwi sana, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote: pasipoti. Sheria za baadhi ya nchi huamua nani ni "msemaji mzawa" wa Kiingereza kwa kutazama uraia wake, si ufasaha wake. Kwa hiyo, tangazo lisemalo "cheti hakihitajiki" mara nyingi humaanisha kwamba cheti hakihitajiki kwa raia wa nchi fulani. Kijana wa Kitengela asomapo tangazo hilo na kufurahi, amesoma barua iliyoandikiwa mtu mwingine.

Mkenya mbele ya masharti ya nchi mbalimbali

Tuanze na Korea Kusini, kwani huko sharti ni bayana. Viza ya walimu wa lugha za kigeni, iitwayo E-2, hutolewa kwa walimu wa Kiingereza wa mataifa saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya hayumo. Shahada haimsaidii, TEFL haimsaidii. Wakala anayemwahidi kijana wa Kajiado viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza anamwahidi kisichokuwapo.

Nchini China, kanuni za kibali cha kazi humtaka mwalimu wa lugha ya kigeni afundishe lugha yake ya kwanza, awe na shahada aliyoipata katika nchi ya lugha hiyo, na awe na tajriba ya miaka miwili. Mwenye shahada ya elimu au cheti kinachotambuliwa cha kufundisha lugha anaweza kusamehewa sharti la tajriba. Katika utekelezaji, nchi zinazohesabiwa kuwa za Kiingereza ni zile zile saba. Wakenya wengi waliofundisha Kiingereza China waliingia kwa viza za masomo au za biashara. Hilo ni jambo la hatari. Sheria ya China ya uingiaji na utokaji wa wageni, iliyoanza kutumika Julai 2013, inaweka faini ya yuani 5,000 hadi 20,000 kwa mgeni anayefanya kazi bila kibali, na kifungo cha siku 5 hadi 15 kosa likiwa kubwa. Anaweza pia kufukuzwa nchini. Isitoshe, mwezi Julai 2021 serikali ya China ilipiga marufuku masomo ya ziada ya kibiashara katika masomo ya msingi kwa watoto, ikazuia pia kuwaajiri walimu wageni walioko nje ya nchi ili wawafundishe watoto hao kwa intaneti. Soko ambalo lilikuwa limewaajiri maelfu ya walimu wa Kiingereza liliporomoka kwa muda mfupi.

Thailand na Vietnam zina milango iliyo wazi zaidi. Thailand haimfungii mtu nje kwa sababu ya uraia peke yake. Shule inaweza kumwombea mwenye shahada isiyo ya ualimu ruhusa ya muda kutoka Baraza la Walimu la Thailand, akafanya kazi kwa viza ya ajira na kibali cha kazi. Asiye raia wa nchi zile saba aghalabu hutakiwa kuonyesha matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Vietnam hudai shahada, cheti cha kufundisha lugha na cheti cha polisi, vyote vikiwa vimeidhinishwa na mamlaka za nchi ya mwombaji na ubalozi. Katika nchi zote mbili, Mkenya anaweza kuajiriwa kihalali, ingawa si ajabu kukuta shule moja ikimlipa mzungu mwenye sifa zile zile mshahara mkubwa zaidi.

Japani inastahili kutajwa kwa sababu ya kigezo chake cha pekee. Kanuni zake za uhamiaji kwa walimu wa lugha za kigeni humtaka mwombaji awe amesomeshwa kwa lugha hiyo kwa miaka 12 au zaidi. Kigezo hiki hakiulizi mtu amezaliwa wapi. Kinauliza amesoma kwa lugha gani. Mkenya aliyepitia mfumo wa 8-4-4, akasomeshwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la nne, akaendelea miaka minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ana miaka 13. Bado atahitaji mwajiri aliye tayari kumwombea, lakini angalau mlango haujafungwa kwa jina la nchi yake.

Hatimaye kuna ughaibuni wa karibu, ambao vijana wengi huusahau. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kuacha Kifaransa na kutumia Kiingereza kama lugha ya kufundishia, na Sudan Kusini ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi katika katiba yake ya mwaka 2011. Nchi zote mbili zimewahi kuwapokea walimu wa Kenya na Uganda. Rwanda na Kenya zimo pia katika Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa Julai 2010, ambayo inalenga kuruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka. Hapa Mkenya haulizwi kama Kiingereza ni chake. Huulizwa kama anaweza kufundisha, na kwa hiyo cheti cha ualimu hurudi kuwa na uzito.

Asili ya dhana ya msemaji mzawa

Ubaguzi huu una msingi wa kinadharia. Mwanaisimu Braj Kachru, katika miaka ya 1980, aliwagawa watumiaji wa Kiingereza katika duara tatu: duara la ndani la nchi ambazo Kiingereza ni lugha ya kwanza ya wengi, duara la nje la nchi zilizokirithi kutokana na ukoloni, kama vile Kenya, Nigeria na India, na duara linalopanuka la wanaokisoma kama lugha ya kigeni. Kachru alitaka kuonyesha kwamba Viingereza vya duara la nje vina uhalali wake. Soko la ajira lilichukua mipaka ya duara zake likaacha hoja yake. Naye Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu ubeberu wa kiisimu, aliipinga dhana kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni msemaji mzawa, akiiita uongo unaolinda maslahi ya nchi chache.

Lakini dhana hii haikuanza na Kiingereza, na historia ya Kiswahili inatupa mfano wa upande wa pili. Mwaka 1887 kulifunguliwa mjini Berlin chuo cha lugha za Mashariki, kilichowaandaa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari wa Kijerumani waliokusudia kwenda makoloni. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa, na chuo kiliwaleta wasemaji wazawa kuwasaidia maprofesa. Amur bin Nasur wa Zanzibar alifundisha huko tangu 1891 hadi 1895. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliwasili mwaka 1900. Hawa hawakuwa na cheti cha ualimu cha Ulaya. Uzawa wao ndio uliokuwa cheti.

Yaliyompata Mtoro yanafaa kuzingatiwa na kila kijana anayetaka kuajiriwa kwa ajili ya uzawa wake. Ingawa maarifa yake yalichangia pakubwa kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, darasani alibaki msaidizi chini ya maprofesa wa Kijerumani, na wanafunzi hawakumpa heshima ipasayo mwalimu. Mwaka 1905 aliacha kazi hiyo. Baadaye alifanya kazi Hamburg, na akafariki Ujerumani mwaka 1927. Funzo lake ni kwamba uzawa humfungulia mtu mlango, ila haumpi kiti. Anayeajiriwa kwa sababu ya alivyozaliwa huthaminiwa kama kielelezo cha lugha, na kielelezo hubadilishwa wakati wowote kingine kikipatikana.

Mlango wa Kiswahili

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, mizani ya uzawa inapogeuzwa humwelemea yeye. UNESCO, iliyotangaza Novemba 2021 kwamba Julai 7 itakuwa Siku ya Kiswahili Duniani, hukadiria wasemaji wa lugha hii kuwa zaidi ya milioni 200. Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha ya kazi mwezi Februari 2022, na Julai mwaka huo baraza la mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Vyuo vikuu vya China vilianza kukifundisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Marekani kinafundishwa katika vyuo vingi, vikiwemo Wisconsin-Madison, Indiana na Yale. Katika soko hili, pasipoti ya Kenya ni sifa.

Njia ya kwanza ni mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha za kigeni, FLTA, ambao kwa miaka mingi umewapeleka vijana wa Afrika Mashariki kufundisha Kiswahili katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Mshiriki hufundisha huku akisoma kozi kadhaa, kisha hutakiwa kurejea nyumbani. Maombi hayalipiwi. Kwa kuwa mpango hutegemea fedha za serikali ya Marekani, ni wajibu wa mwombaji kuuliza kwanza ubalozi kama nafasi za mwaka husika zimetangazwa.

Njia ya pili ni masomo ya uzamili. Idara nyingi za lugha za Kiafrika huwapa wanafunzi wa uzamili na uzamivu kazi ya kufundisha Kiswahili, ambayo hulipia karo na kuwapa posho. Mwanafunzi anaweza kuwa anasomea isimu, fasihi, historia au hata elimu ya siasa. Hahitaji cheti cha ualimu. Anahitaji matokeo mazuri, barua za wahadhiri wanaomfahamu, na ushahidi kwamba amewahi kufundisha Kiswahili kwa wageni.

Njia ya tatu haihitaji viza. Majukwaa ya intaneti kama vile italki na Preply humruhusu mtu asiye na cheti kufundisha lugha yoyote. Italki, kwa mfano, huwatenga walimu wenye taaluma na wakufunzi wa kawaida, na kila kundi lina nafasi yake. Anayeanza ajue gharama. Preply huchukua malipo yote ya somo la kwanza la majaribio kwa kila mwanafunzi mpya, kisha hukata kati ya asilimia 33 na 18 ya kila somo kulingana na saa alizokwisha kufundisha. Ajue pia saa za kazi. Mwanafunzi wa New York anayetaka somo saa kumi na mbili jioni baada ya kazi atamlazimu mwalimu wa Kitengela awe macho saa saba usiku wakati wa kiangazi chao na saa nane usiku wakati wa baridi. Wanafunzi wa Ulaya, ambao saa zao zinakaribiana na zetu, humfaa zaidi mtu mwenye kazi nyingine ya mchana. Jambo jingine ni kwamba wanaotafuta Kiswahili ni wachache kuliko wanaotafuta Kiingereza, na kipato cha miezi ya kwanza hakitoshi kulipa kodi ya nyumba.

Kujua lugha na kuijua kuifundisha

Baadhi yetu hudhani kwamba kwa kuwa tumezaliwa tukisikia Kiswahili tunaweza kukifundisha. Tuchukue maswali mawili ambayo mwanafunzi mgeni huuliza katika wiki za mwanzo. La kwanza: kwa nini mnasema "rafiki mzuri" na "rafiki huyu anakuja", lakini "rafiki yangu" wala si "rafiki wangu"? Mzawa asiyesomea atajibu kwamba ndivyo tusemavyo. Aliyesomea ataeleza kwamba nomino za viumbe hai huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA, isipokuwa kwamba nomino nyingi zenye umbo la ngeli ya I-ZI zinazotaja jamaa na uhusiano wa watu, kama vile rafiki, ndugu, mama na dada, hubakiza vimilikishi vya I-ZI.

La pili: kwa nini "anakula" na "alikula", lakini "akila" na "hali"? Jibu limo katika mkazo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi vya wakati kama -na-, -li-, -ta- na -me- haviwezi kuubeba. Shina la silabi moja, kama vile -la, linapotanguliwa na kiambishi cha namna hiyo huhitaji ku- ili ibebe mkazo. Kiambishi -ki- na vile vya ukanushi vya wakati uliopo vinaweza kuubeba wenyewe, kwa hiyo ku- huondoka. Maelezo haya hutolewa kwa dakika mbili, na humwokoa mwanafunzi miezi ya kukariri.

Hapa kijana wa Kajiado aliyekua akisema Kimaa, kisha akajifunza Kiswahili shuleni, ana faida ambayo wengi hawaitambui. Yeye aliwahi kuwa mgeni wa lugha hii. Anakumbuka ni wapi ulimi uligoma na ni ngeli ipi iliyomsumbua. Njia aliyoipita mtu kwa miguu huijua kuliko aliyebebwa mgongoni. Hoja hii, bila shaka, ndiyo ile ile inayomtetea Mkenya anayefundisha Kiingereza: aliyejifunza lugha anaweza kuwa mwalimu bora kuliko aliyezaliwa nayo. Hatuwezi kuidai haki hiyo Seoul na kuinyima Kajiado.

Kwa hiyo, asiye na cheti cha ualimu ajipatie maandalizi yanayolingana na kazi anayoitaka. Taasisi za Tanzania na Zanzibar, zikiwemo BAKITA na Chuo Kikuu cha Taifa Zanzibar, zina uzoefu wa mafunzo ya Kiswahili kwa wageni, na BAKITA huweka kanzidata ya wataalamu wa lugha. Nyumbani, mtu anaweza kuanza kwa kuwafundisha wageni walio jirani, kama vile wamisionari na watumishi wa mashirika, huku akihifadhi mipango ya masomo na kuomba barua za ushuhuda.

Tahadhari kwa anayeondoka

Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya raia wake kuhusu ahadi za kazi nchini Thailand, baada ya vijana kadhaa kusafirishwa hadi Myanmar na Laos na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Anayetaka kwenda kufundisha azingatie mambo yafuatayo.

Mosi, wakala awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, na jina lake lithibitishwe katika orodha ya Mamlaka yenyewe, si katika karatasi aliyoibandika ukutani kwake. Pili, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na ofisa wa kazi. Wakala anayekwepa hatua hii ana jambo analolificha. Tatu, asikubali kuambiwa "nenda kwa viza ya utalii, utaibadilisha ukifika". Viza ya kazi ya China, kwa mfano, huombwa kabla ya kuingia nchini humo. Nne, cheti cha maadili mema cha polisi, ambacho huombwa kupitia eCitizen na kisha mtu akachukuliwa alama za vidole, pamoja na uidhinishaji wa shahada, huchukua muda. Avianze mapema badala ya kumlipa mtu wa kuviharakisha. Tano, pasipoti ni ya mwenyewe. Hakuna mwajiri mwenye haki ya kumwekea.

Kwa mzazi aliyeuza ng'ombe au kipande cha ardhi ili mwanawe asafiri, hatua hizi si urasimu mtupu. Ng'ombe akiuzwa kwa ajili ya viza ya E-2 ambayo Mkenya hawezi kupewa, harudi zizini.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kufundisha Kiingereza ughaibuni bila cheti cha ualimu kunawezekana, ila si kwa kila mtu wala kila mahali. Korea Kusini imefunga mlango kwa Mkenya, China imeubana, Thailand na Vietnam zimeuacha wazi kwa masharti, na majirani zetu wa Afrika Mashariki wanatafuta walimu waliosomea. Kigezo kinachoamua mara nyingi ni uraia, na kigezo hicho hakina msingi wa kiisimu. Kwa upande mwingine, Kiswahili kinampa kijana wa Kitengela na Kajiado nafasi ambayo Kiingereza kinamnyima, mradi asiitegemee kwa uzawa peke yake. Idara zetu za Kiswahili zingefanya jambo la maana kama zingeingiza kozi ya Kiswahili kwa wageni katika shahada ya sanaa, ili anayehitimu bila kusomea ualimu asitoke mikono mitupu. Nayo vyama vyetu vya wanafunzi vinaweza kuanza leo, kwa kuwakutanisha wanaohitimu na wale waliokwisha kufundisha nje, ili maswali ya viza na mikataba yajibiwe na waliopita njia hiyo kabla mawakala hawajayajibu.